Mzee Asiyeamka Kitandani Bado Ni Mtu Kamili



Leo tujifunze kumtunza mzee ambaye hawezi tena kuamka kitandani. Wazee wa namna hiyo wako katika vijiji vyetu vya Kagoma. Pengine mmoja yumo nyumbani kwako.

Kwanza nikueleze kosa langu. Siku moja niliitwa kumwona bibi aliyepooza. Alilazwa chumba cha nyuma, karibu na mbuzi. Nilimwuliza mwanawe, "Mgonjwa anakula?" Bibi akageuza uso, akasema, "Mjukuu wangu, mbona huniulizi mimi? Miguu ndiyo iliyokufa. Masikio ninayo."

Niliona aibu. Nikachuchumaa kando yake, nikamwamkia upya. Ndipo aliponiambia kuwa ana kiu tangu jana. Alinyimwa maji ili asilowanishe matandiko. Nilipomgeuza, niliona kidonda kikubwa kiunoni.

Mke wa mwanawe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kibanja, watoto, maji ya kuteka na mgonjwa, vyote peke yake. Tena hakuna aliyemfundisha. Basi tujifunze.

MAJI NA CHAKULA

Usimnyime mzee maji. Asipokunywa, mkojo huwa mzito. Anaweza kupata maradhi ya njia ya mkojo, na akili yake huchanganyikiwa. Mpe maji kidogo kidogo mchana kutwa. Mkalishe wima wakati wa kula ili asipaliwe. Mpondee ndizi, maharage au samaki. Usimharakishe.

VIDONDA VYA KULALA

Mtu akilala upande mmoja muda mrefu, uzito wake hubana damu. Nyama isiyopata damu hufa, ikawa kidonda. Kwa hiyo mgeuze kila baada ya saa mbili. Kila siku angalia kiuno, nyonga, visigino na viwiko. Ukiona ngozi imebadilika rangi, au ina joto, asilalie hapo tena. Usipasugue. Kidonda kikifunguka, toa habari zahanati mapema.

Akijikojolea, usimkemee. Mwoshe, mkaushe, mbadilishie nguo.

HESHIMA

Funga mlango unapomwogesha. Mfunike sehemu usiyoiosha. Mwambie unachotaka kufanya kabla ya kumshika. Mlaze mahali anapoona watu na kibanja chake. Mwulize habari za ukoo na shamba, maana shauri lake bado lina thamani.

KAZI HII SI YA MTU MMOJA

Kumbukeni wazee hawa ni nani. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walitambuliwa hapa mkoani Kagera. Wazazi wengi walizika watoto wao, wakaanza upya kulea wajukuu. Leo wajukuu hao ni watu wazima. Zamu yetu imefika.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema kuwa familia ndiyo msingi wa matunzo. Makao ya Serikali ni ya wazee wasio na mtu wa kuwatunza. Sera hiyo pia ilitaka mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Lakini sera haitembei yenyewe hadi kitandani.

Inawezekana kufanya zaidi. Hapa Muleba, kule Nshamba, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee pensheni ndogo, hasa bibi wanaolea wajukuu. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumpa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi.

Nasi tuanze na mkutano wa kijiji. Tuandike majina ya wazee wasioamka. Tupange zamu ndani ya ukoo, wanaume wakiwamo. Tudai mhudumu wa afya awatembelee nyumbani, maana mzee huyo hawezi kupanga foleni zahanati.

Yule bibi kidonda chake kilipona baada ya miezi mitatu. Wanawe wawili walikuwa wakipokezana kumgeuza usiku.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini ni hatari kumnyima mzee maji?
2. Mzee ageuzwe kila baada ya muda gani?
3. Katika kitongoji chenu, nani anamtunza mzee peke yake? Mtamsaidiaje wiki hii?