Dawa za Antibiotiki Zinazoweza Kudhuru Usikivu

Gentamaisini, amikasini na streptomaisini ni antibiotiki za kundi liitwalo aminoglaikosaidi. Hutolewa hospitalini, mara nyingi kwa sindano au dripu, dhidi ya maambukizi mazito kama yale ya damu. Zimeokoa maisha ya wengi. Hata hivyo, tangu streptomaisini ilipoanza kutibu kifua kikuu katika miaka ya 1940, ilidhihirika kwamba baadhi ya wagonjwa walipona kifua wakapoteza usikivu. Vidonge vya amoksilini, ambavyo watu wengi huvifahamu, havimo katika kundi hili.

Ndani kabisa ya sikio mna koklea, mrija uliojiviringa mfano wa konokono, wenye seli za hisi zipatazo 15,000. Kila seli ina shada la vinyweleo vidogo mno. Sauti inapoingia, vinyweleo hupinda, vitundu vyake hufunguka, na ujumbe hupelekwa ubongoni. Dawa hizi hupenya ndani ya seli kwa kupitia vitundu hivyo hivyo. Zikishaingia hazitoki upesi: hubaki hata baada ya kwisha katika damu, zikivuruga mitokondria, yaani sehemu zinazoipatia seli nguvu, hata seli ikafa. Kwa binadamu, seli hizo hazioti tena.

Ndiyo maana madhara yaweza kujitokeza majuma kadhaa baada ya sindano ya mwisho. Huanzia kwenye sauti nyembamba za juu, hivyo mgonjwa hudhani yu mzima ilhali kipimo cha usikivu kimekwisha kuonesha upungufu. Wengine husikia mlio masikioni. Gentamaisini hudhuru zaidi sehemu ya sikio inayotunza mizani ya mwili. Mgonjwa hupepesuka, hasa gizani, au huona vitu vikitikisika anapotembea. Dalili hizi huelezwa kwa daktari au muuguzi siku hiyo hiyo, lakini mgonjwa asikatishe dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Hatari huongezeka figo zikiwa dhaifu, tiba ikirefuka, au mgonjwa akitumia pia furosemaidi, dawa ya kuongeza mkojo. Kwa sababu hiyo damu hupimwa mara kwa mara wakati wa tiba.

Lipo pia jambo la urithi. Nchini Uingereza, takriban mtu 1 kati ya 500 ana badiliko katika mitokondria linaloweza kumfanya apoteze usikivu hata kwa dozi ya kawaida. Badiliko hilo hurithiwa kwa mama pekee. Basi habari za bibi mzaa mama, mama mdogo au mjomba aliyepata uziwi baada ya sindano zina uzito, hata kama nyumbani ulizoeleka kuitwa uziwi wa uzee. Vivyo hivyo, aliyewahi kudungwa streptomaisini kwa kifua kikuu, Afrika Mashariki au kwingineko, aliseme jambo hilo kabla ya tiba kuanza. Mkalimani wa NHS hupatikana bila malipo. Mtoto wa familia asitwishwe kazi hiyo.