Kielekezi-Rundo: Istilahi na Kanuni zake katika Msimbo wa Kompyuta

Makala haya yanafafanua dhana moja ya sayansi ya kompyuta kwa nia ya kuonyesha kwamba istilahi ya Kiswahili haina budi kupimwa kwa utendaji wa dhana, si kwa sura yake pekee.

Rundo ni sehemu ya kumbukumbu ambamo programu huhifadhi vigeu vya muda na anwani za kurejea. Mithili ya magunia ghalani, kilichowekwa mwisho ndicho hutolewa kwanza. Katika prosesa za x86-64, rejista iitwayo rsp hushika anwani ya ncha ya rundo. Hiyo ndiyo kielekezi-rundo. Tofauti na magunia, rundo hili hukua kuelekea chini: amri ya kuweka hupunguza anwani kwa baiti 8, na ya kutoa huiongeza kwa kiasi hicho hicho.

Kwa kawaida, kompaila ndiyo hukiongoza kielekezi. Hata hivyo, GCC humruhusu mwandishi wa programu za C kupachika amri za asembli ndani ya msimbo wake. Hapo ndipo hatari huzuka, kwani kompaila haichunguzi maana ya amri hizo. Kwa mfano, katika Linux, funksheni isiyoita nyingine huruhusiwa kutumia baiti 128 zilizo chini ya kielekezi bila kukisogeza. Eneo hilo huitwa ukanda mwekundu. Amri ya kuweka iliyopachikwa katika funksheni hiyo huweza kufuta kigeu kilichohifadhiwa humo. Amri ya kutoa ikifuata, kielekezi kitarejea mahali pake, lakini thamani iliyofutwa haitarejea.

Kuitaja rsp katika orodha ya rejista zinazovurugwa si tiba. GCC hutaka thamani yake baada ya asembli iwe ile ile ya awali, na tangu toleo la 9 la mwaka 2019, kuitaja hivyo kumetangazwa kuwa desturi ya kuachwa. Lililo salama ni kuiandika funksheni nzima kwa asembli katika faili yake, huku kielekezi kikirejeshwa kabla ya kutoka.

Ni dhahiri basi kwamba kuita ncha hiyo "kilele" kungempotosha mwanafunzi, akatarajia anwani zipande ilhali zinashuka. "Ncha" haifungamani na mwelekeo. Waundaji wa istilahi hawana budi kushauriana na wataalamu wa taaluma husika kabla ya neno kuingia darasani.