Kumpima Mzee Atunzwavyo Nyumbani

Sera ya Taifa ya Wazee iliyotolewa Tanzania mwaka 2003 yamhesabu mtu kuwa mzee tangu miaka 60, nayo yasema ya kuwa jamaa ndio msingi wa kumtunza. Basi tuendapo kumtazama mzee huku Tabora, twajuaje kama atunzwa vema? Wengi wetu huwauliza wenye nyumba, nao hujibu, "Hajambo." Yapasa kumwuliza mzee mwenyewe, tena faraghani, maana mbele ya mkwewe hatasema neno.

Kisha tutazame. Maji ya kunywa yako karibu na mkono wake? Asiye na meno apewa michembe mikavu? (Michembe ni chakula chema sana, kwa wenye meno.) Asiyeweza kujigeuza kitandani, tumtazame mgongo na visigino: ngozi hubadilika rangi kabla ya kidonda kufunguka, na kinga yake ni kumgeuza kila baada ya saa mbili, hata usiku. Nasi twende hasa siku za kuvuna tumbaku, kwa kuwa ndipo nyumba nzima hushinda shambani, na mzee hubaki peke yake hata jioni.