Mgonjwa wa Thairoidi Katika Joto la Pwani: Dalili za Kuangaliwa Wakati wa Tiba

Mwezi wa Februari joto la Buguruni huwa kali. Abiria wanaongoja magari karibu na makutano ya Barabara ya Uhuru na ile ya Mandela hujipepea kwa chochote walicho nacho mkononi, na nyumba zilizoezekwa kwa mabati huwa kama tanuri ifikapo saa sita mchana. Mtu anayejifunika kanga mbili katika hali hiyo na kulalamika baridi aghalabu huambiwa kwamba ana malaria. Huenda anayo, na damu yake sharti ipimwe. Lakini ikiwa mtu huyo anatibiwa kwa vidonge vya thairoksini, iko sababu nyingine ya kuchunguzwa pamoja na hiyo, nayo ni kwamba dozi yake haimtoshi, au anaimeza lakini haimfikii.

Thairoidi ni tezi yenye umbo la kipepeo iliyoko mbele ya shingo, chini ya kikoromeo. Hutumia iodini, ambayo Watanzania wengi huijua kwa jina la madini joto, kutengenezea homoni iitwayo thairoksini. Homoni hiyo husafiri kwa damu na kuziamuru seli zitumie oksijeni kiasi gani na zitoe joto kiasi gani. Kwa hiyo jina la madini joto lina maana nzuri kuliko majina mengi ya vitabuni.

Njia zinazomfikisha mtu kwenye upungufu wa homoni hii ni kadhaa. Katika nyanda za juu, kwa mfano Iringa, Mbeya na Rukwa, udongo una iodini haba, na rovu lilikuwa jambo la kawaida kabla ya sheria ya kutia madini joto katika chumvi kuanza kutekelezwa katikati ya miaka ya 1990. Wengine tezi yao ilikuwa ikifanya kazi kupita kiasi, ikaondolewa kwa upasuaji au ikadhoofishwa kwa iodini nururishi. Wengine tena, hasa wanawake, kinga ya mwili wao wenyewe huishambulia tezi. Tiba ni kurudisha kile kilichopungua. Mwaka 1891 daktari Mwingereza George Murray alimdunga mgonjwa wake maji yaliyokamuliwa kutoka tezi za kondoo, na mama huyo, aliyekuwa na umri wa miaka 46, aliishi hadi mwaka 1919. Siku hizi kondoo hawahitajiki. Thairoksini hutengenezwa viwandani kwa vidonge.

Mtu mzima ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa huhitaji takriban mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60, basi, atahitaji karibu mikrogramu 100, yaani sehemu moja ya kumi ya miligramu. Kiasi ni kidogo mno, na ndiyo maana makosa madogo huleta athari kubwa. Wazee na wenye ugonjwa wa moyo huanzishiwa dozi ndogo zaidi, kwani moyo uliozoea mwendo wa polepole haupendi kuharakishwa ghafula.

Jambo linalowapotosha wagonjwa wengi ni muda. Nusu ya thairoksini iliyomo mwilini huhitaji siku 7 hivi ili kutoweka. Anayeacha vidonge kwa sababu fedha zimekwisha hajisikii tofauti kubwa katika juma la kwanza, naye huamua kwamba alikuwa amekwisha kupona. Ugonjwa hurudi baadaye, taratibu, wakati ambapo hakuna tena anayekumbuka siku dawa ilipoachwa. Hali kadhalika, dozi ikiongezwa, matokeo yake kamili huonekana baada ya majuma 6 hivi. Kwa hiyo daktari hupima tena damu wakati huo, si kesho yake. Kinachopimwa ni homoni ya TSH itokayo katika tezi ya pituitari chini ya ubongo. Homoni hiyo hupanda thairoksini inapopungua na hushuka inapozidi, mfano wa msimamizi anayepaza sauti wafanyakazi wakilegea na kunyamaza wakichapa kazi.

Dalili za upungufu unaoendelea ni uchovu, kufunga choo, ngozi kavu, sauti nzito, uso kuvimba, uzito kuongezeka na hedhi kuvurugika. Kila moja ina kisingizio chake mtaani: uchovu ni wa kazi, uzito ni wa neema, na usahaulifu ni wa uzee. Mapigo ya moyo, hata hivyo, hayana kisingizio. Mwenye malaria akitetemeka kwa baridi, mapigo yake huenda mbio na kipimajoto hupanda. Anayepungukiwa na thairoksini husikia baridi ilhali mapigo ni ya polepole, pengine chini ya 60 kwa dakika.

Dozi ikizidi, joto la pwani huficha dalili upande wa pili. Nani atashangaa mtu akitokwa na jasho Buguruni? Hapo yaangaliwe mambo ambayo hali ya hewa haiwezi kuyaeleza: uzito kupungua ingawa mtu anakula vizuri, kuharisha mara kwa mara, usiku kukosa usingizi, na mapigo kuzidi 100 hata alfajiri kabla ya kuinuka kitandani. Mgonjwa akinyosha mikono na karatasi kuwekwa juu ya vidole, karatasi hutikisika. Wapo wanaoiita hali hiyo presha na kununua dawa nyingine dukani, jambo ambalo huchelewesha ukweli tu. Kuzidi kwa dozi kwa muda mrefu huweza kuuvuruga mpigo wa moyo na kudhoofisha mifupa, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi.

Mara nyingine dozi ni sahihi lakini haifiki. Kidonge humezwa kwa maji tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito, na vile vya kalsiamu, huizuia dawa isifyonzwe. Vipishane kwa saa 4. Rifampisini ya kifua kikuu huharakisha kuvunjwa kwa thairoksini. Mjamzito mwenyewe huhitaji dozi kubwa zaidi tangu majuma ya kwanza, kwa ajili ya ubongo wa mtoto, na asingoje mimba ionekane ndipo aende kliniki. Tena joto, unyevu na mwanga huiharibu dawa hii: chupa iliyowekwa dirishani chini ya bati haiaminiki.

Ziko dalili zisizongoja siku ya kliniki. Maumivu ya kifua, kukosa pumzi, moyo kupiga bila mpangilio au kuzirai humpasa mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Aliyeanza vidonge karibuni kisha akatapika, akaishiwa nguvu na kuona kizunguzungu akisimama, huenda tezi zake za juu ya figo nazo zimelegea. Mama aliyetokwa damu nyingi wakati wa kujifungua na kukosa maziwa amweleze daktari habari hiyo. La kutisha kuliko yote ni usingizi mzito usioamshika kwa urahisi, maneno kuchanganyika, pumzi kuwa chache na mwili kuwa baridi. Mara nyingi huanzishwa na nimonia kwa mtu aliyeacha dawa. Homa huweza isionekane kabisa, na kipimajoto cha zebaki, ambacho kwa kawaida huanzia nyuzi 35, hakiwezi kuonyesha mwili umepoa kiasi gani. Ndugu wanaosubiri joto lipande ndipo waamini kwamba mtu anaumwa watasubiri bure.

Zoezi: Mgonjwa ameacha vidonge kwa siku 35. Ikiwa tezi yake haitengenezi chochote, ni asilimia ngapi ya thairoksini iliyobaki mwilini? Wanafunzi wachore grafu ya kila siku 7, kisha waoneshe ni juma lipi ambalo jirani yake angeweza kuanza kumwona akitembea na kanga mbili.