Dondoo muhimu: Mtoto wa mbwa mwenye kaakaa lililopasuka

Mbwa wako akizaa, iwe Isevya au Kwihara hapa Tabora, fungua kinywa cha kila mtoto siku hiyohiyo, umulike kaakaa kwa tochi. Ukiona ufa, au maziwa yakimtoka puani anaponyonya, usimwache kwenye chuchu: maziwa yakiingia mapafuni huleta nimonia, nayo huua upesi.

Mlishe kwa mrija laini kila baada ya saa 2 hadi 3, usiku na mchana. Hapa ndipo wengi hukosea. Pima mrija kutoka ncha ya pua hadi ubavu wa mwisho, uutie alama kwa plasta. Mlaze kifudifudi, kamwe si chali, uupitishe taratibu juu ya ulimi. Akikohoa, uchomoe, uanze upya. Mara ya kwanza afanye daktari wa mifugo, wewe ukiitazama mikono yake. Maziwa ya ng'ombe peke yake ni mepesi mno kwake, muulize mbadala.

Usiku wa Juni na Julai Tabora hupoa sana. Mwekee kando chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kitenge. Mpime kila asubuhi kwa mizani ya jikoni. Uzito ukigoma kupanda, nenda kwa daktari siku hiyo.

Akianza kula, acha uji, mpe vitonge vilivyoshikana.

Upasuaji kwa kawaida husubiri afikishe miezi 3 hadi 4. Weka nauli mapema: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina hospitali ya wanyama, na Reli ya Kati hufika huko. Akipona, mhasi, maana kasoro hii huweza kurithiwa.