Seli za Sertoli: walezi wa mbegu za kiume

Mwanaume akikabidhiwa majibu ya kipimo cha mbegu, jicho lake hukimbilia idadi. Nadra mtu kuuliza kuhusu seli zinazoibeba idadi hiyo, ambazo zenyewe hazitoki kamwe ndani ya korodani.

Nani alizigundua?

Mwitalia Enrico Sertoli, mwaka 1865, akiwa na umri wa miaka 23 tu. Alipochungulia kwa hadubini mirija ya korodani ya binadamu, aliona seli zenye matawi na akaziandika hivyo. Yale aliyoyaona kama matawi ni mwili wa seli ndefu uliobanwa na mbegu changa kila upande.

Zimekaaje?

Korodani imejaa mirija myembamba iliyojisokota. Ikinyooshwa yote hufika mamia ya mita. Seli ya Sertoli husimama katika ukuta wa mrija, chini ikishika utando wa nje, juu ikifika kwenye uwazi wa katikati. Kiini chake kina mikunjo, na ndani yake kuna kiinidogo kinachoonekana waziwazi, alama inayomsaidia mtaalamu wa patholojia kuitambua. Mbegu changa hukaa kwenye vifuko vya pembeni mwake, zikipanda taratibu kuelekea katikati.

Kwa makadirio yanayotumika sana, ukuaji huo wa mbegu huchukua siku 74 hivi. Ndiyo maana daktari akibadilisha matibabu husubiri miezi mitatu kabla ya kupima upya.

Kazi yake ni ipi hasa?

Ni nyingi. Huchukua sukari ya damu na kuigeuza lakteti, chakula cha mbegu zinazokua. Hutoa majimaji yanayosukuma mbegu zilizokomaa nje ya mrija, na humeza mabaki yanayoachwa zinapokomaa. Pia hutuma homoni ya inhibini kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, kuiambia ipunguze FSH, homoni inayoziamsha seli hizi.

Kwa nini husemwa zinajenga ukuta?

Karibu na chini, seli jirani hubana pamoja kiasi cha kuzuia hata protini za damu kupita. Sababu yake inavutia: kinga ya mwili hujifunza mapema kutambua vilivyo vyake, ilhali mbegu huanza kutengenezwa wakati wa balehe. Bila kizuizi hicho, mwili ungezishambulia kama wageni.

Lakini maficho hayo huwafaa maadui pia. Virusi vya Ebola vimekutwa kwenye manii ya baadhi ya waliopona zaidi ya mwaka baada ya kuugua, na korodani, isiyofikiwa vyema na kinga, ni mojawapo ya mahali vinapojificha. Kwa hiyo wanaume waliopona katika mlipuko wa 2018 hadi 2020 mashariki mwa Kongo, maeneo ya Beni na Butembo, walihitaji kupimwa manii hata baada ya damu yao kuwa safi.

Je, mtu mzima anaweza kuziongeza?

Hapana, hata matangazo ya vidonge yakisema vingine. Seli hizi huongezeka tumboni mwa mama na utotoni, kisha balehe huzifunga. Kila moja hulea idadi yenye kikomo, basi uwezo wa mwanaume huwa umeshapangwa mapema.

Kuziharibia kazi ni rahisi zaidi. Kijana wa jimu anayejidunga testosteroni huona misuli ikituna, lakini ubongo hudhani homoni imetosha na hukata homoni za LH na FSH. Zikikosa LH, seli za Leydig, zinazotengeneza testosteroni hapo hapo korodanini, hulala. Ndani ya mirija homoni hupungua ingawa kwenye damu imejaa, korodani husinyaa, na mbegu zaweza kwisha kabisa. Akiacha, mara nyingi hurudi, ila huenda ikachukua miezi mingi.

Na zikibaki zenyewe, bila mbegu?

Hali hiyo ilielezwa Argentina mwaka 1947 na Del Castillo na wenzake. Ndevu, sauti na nguvu za kiume huweza kuwa sawa, kwa kuwa seli za Leydig zinaendelea na kazi. Mbegu ndizo hazipo. Chanzo chaweza kuwa dawa za saratani, mionzi, au kipande kilichokosekana cha kromosomu Y. Kwa baadhi ya wagonjwa, daktari wa upasuaji akitumia hadubini hupata mirija michache ambayo bado ina mbegu. Kipande cha kromosomu Y kiitwacho AZFa kikikosekana chote, upasuaji huo haushauriwi.