Neno "Ukoma" Katika Sheria ya Wayahudi

Muhula huu, katika somo la dini, tulifika Mambo ya Walawi sura ya 13 na 14. Mwenzangu akanitazama, maana anajua bibi yangu anakaa Nunge, Kigamboni, palipokuwa kambi ya wenye ukoma. Jioni nikaenda maktaba.

Neno la Kiebrania ni saraati. Sisi tunalisoma "ukoma". Lakini saraati ilishika hata nguo na kuta za nyumba! Tena aliyegeuka mweupe mwili mzima, kuhani alimwita safi. Ukoma wa kijidudu alichokiona daktari Hansen wa Norway mwaka 1873 hauna mambo hayo.

Wala kuhani hakuwa mganga. Alitazama, akamfungia mtu siku 7, akatazama tena. Kabla hajatamka "najisi", hapakuwa na unajisi. Ndiyo maana vyombo vilitolewa nyumbani kabla hajaingia. Na Mishna, kitabu cha sheria zao, yaagiza bwana arusi aachiwe kwanza siku 7 za karamu, ndipo atazamwe. Je, maradhi ya kuambukiza yangengojea arusi?

Aliyepona alikuwa na njia ya kurudi. Kuhani alimwendea huko huko nje ya kambi na ndege wawili: mmoja akachinjwa, wa pili akaachwa huru, mtu akaoga, akaingia kwa watu wake.

Bibi alipona kwa dawa mseto zilizoanza kutumika nchini miaka ya 1980. Majirani wa zamani hawakumpokea, hata leo yuko Nunge. Likizoni mimi hula naye sahani moja.